Pombe ya Siku Tatu: Tarehe ya Vyungu vya Kabalo

Mji wa Kabalo, ulioketi ukingoni mwa mto Lualaba karibu na mahali ambapo mto Lukuga, ukiisha kutoka katika ziwa Tanganyika na kupita Kalemie na Nyunzu, huyamwaga maji yake katika maji makubwa zaidi, hutajwa vitabuni aghalabu kwa sababu mbili: ya kwanza ni reli, na ya pili ni mapigano ya mwezi wa Aprili mwaka 1961, wakati askari wa Ethiopia waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa walipowakamata hapo mamluki wa serikali ya Katanga waliokuja kwa ndege. Msomaji wa vitabu hivyo angeweza kudhani kwamba watu wa mji huo hawakupata kuwa na shughuli nyingine ila kupakia mabehewa na kukimbia risasi. Walakini iko kazi moja iliyo kongwe kuliko reli, na iliyodumu kuliko kila serikali iliyopata kutundika bendera yake hapo, nayo ni kazi ya kupika pombe nyumbani, chungu kimoja kimoja, ya mtama na ulezi katika zama za kale, ya mahindi na muhogo katika zama zetu. Kazi hiyo haikupata mwandishi wake, na sababu, kwa maoni yangu, ni ile ile iliyoipa maisha marefu: pombe yenyewe haikai. Leo ni tamu, kesho ni kali, kesho kutwa imechacha, na siku ya nne hainywi mtu ila mlevi aliyekosa njia nyingine. Kitu kisichokaa hakiwekwi ghalani, hakipimwi bandarini, wala hakiachi alama katika daftari za ushuru. Na wenye kuandika tarehe, sawasawa na watoza ushuru, wamezoea kuifuata mali inayosafiri.

Si kwamba Waluba, ambao ni wengi miongoni mwa wenyeji wa nchi hiyo, walisahau kuutia ulevi katika tarehe yao. Wameutia mlangoni kabisa. Katika hikaya yao ya asili ya dola, mfalme wa kwanza, Nkongolo Mwamba, mwenye nasaba na upinde wa mvua, alikuwa mtu wa ulevi na ukatili, akila na kunywa mbele ya kadamnasi pasipo haya. Ndipo akatokea mwindaji mgeni kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu, ambaye hakuridhia kuonekana akila wala akinywa. Na mwanawe, Kalala Ilunga, ndiye aliyemshinda Nkongolo na kuusimamisha ufalme mpya, na tangu hapo ikawa ada ya wafalme wa Waluba kula na kunywa mahali pa faragha. Jirani zao wanazo hikaya za namna hiyo. Walunda husimulia habari za mfalme mzee aliyekuwa akisuka mikeka huku ameiloweka miyaa yake majini, na wanawe, waliokuwa wamekwisha kulewa, wakadhani kuwa maji yale meupe ni tembo na kwamba baba yao anawanyima, wakampiga. Kwa ajili hiyo urithi ukaenda kwa binti yake, Lueji. Wakuba nao husema kwamba babu yao Woot alilewa tembo akalala uchi, wana wa kiume wakamcheka, binti akamsitiri kwa nguo, na ndiyo sababu urithi ukapita upande wa wanawake. Luc de Heusch, mwanachuoni wa Ubelgiji, alipozichungua hikaya hizi katika kitabu kimoja mwaka 1972, alikipa jina la Le roi ivre, yaani mfalme mlevi, na hakukosea.

Mwenye kuzisikiliza kwa makini ataona kwamba hikaya hizi hazimkatazi mtu kunywa. Kinachohukumiwa ni namna ya kunywa, na mbele ya nani. Mbidi Kiluwe hakuwa mtu wa kuacha kinywaji, alikuwa mtu wa kutaka ua. Ataona pia kwamba kinywaji kinachotajwa katika habari za Walunda na Wakuba ni tembo la mitende ya porini na michikichi, ambalo hutoka mtini kwa mkono wa mwanamume, ilhali pombe ya nafaka, kazi ya wanawake, haisikiki. Sishangai. Hikaya za ufalme, hata zile ambazo ndani yake binti ndiye arithiye, ni hikaya za wanaume wakigombea kiti, na chungu cha jikoni hakikuwa na kiti cha kugombea.

Hata hivyo chungu hicho chataka maarifa kuliko mchikichi. Mgema, ambaye huko huliita tembo lake malafu, hupanda kwa kitanzi, huchanja, hukinga kibuyu, na kabla hajakanyaga chini utomvu umekwisha kuanza kuchacha, maadam sukari imo tayari na chachu imo kibuyuni tangu jana. Ndivyo yalivyo yote yanayofanywa kwa matunda na asali: wanzuki wa Tanzania, kasikisi ya ndizi inywewayo katika milima ya Kivu, hata ile saida ya matofaa ambayo wakulima wa Normandia na wa magharibi ya Uingereza huikamua kila vuli na kuiacha mapipani ijichachie yenyewe. Katika joto la Kabalo tofaa halioti, na mtu wa hapo akitaka kinywaji cha mashamba yake sharti aanze na nafaka, ambayo haina sukari ya kumpa. Inao wanga, na wanga haulewi mtu mpaka ugeuzwe.

Kugeuza huko ndiko asili ya kazi yote. Mahindi hulowekwa siku mbili, hutolewa majini, hutandazwa juu ya majani ya mgomba na kufunikwa kwa majani mengine, na kila asubuhi hunyunyizwa maji na kugeuzwa kwa mkono yasije yakashika ukungu. Siku ya nne au ya tano kila punje imetoa ncha nyeupe yenye urefu wa ukucha, na mizizi yake imeshikana hata mtu akiinua konzi moja huinuka busati zima. Hapo huanikwa juani, hukaushwa kabisa, hutwangwa; hicho ndicho kimea. Kisha hupikwa uji mzito wa unga wa mahindi, au wa muhogo, au wa vyote viwili, mzito hata mwiko usimame, na chungu huteguliwa motoni kikaachwa kipoe. Saa ya hatari ni hii. Mpishi huchovya kidole. Uji ukiwa bado wa moto wa kuunguza, kimea kitakufa ndani yake na uji utabaki uji; ukiwa umepoa kupita kiasi, utaanza kuwa mchachu kabla haujawa mtamu. Kidole kikiweza kuingia na kutoka pasipo kukaa, kimea hutiwa na kukorogwa, na ndani ya muda wa kusuka nywele za mtoto upande mmoja ule uji uliokuwa ukishika mwiko hulegea, hutiririka, na ukionjwa ni mtamu. Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikitoa katika kimea cha shayiri mwaka 1833 kile kitu kifanyacho kazi hiyo, wakakiita diastasi, nacho hufanya kazi vema karibu na digrii 60 au 70, joto ambalo kidole huliingia kikatoka upesi.

Yaliyobaki ni subira. Uji hupikwa mara ya pili, hupozwa, hutiwa masalio ya pombe ya juzi yaliyoganda chini ya chungu, na hufunikwa. Usiku ule ule povu hupanda, na asubuhi chungu chatoa sauti ya mchemko ilhali moto umezimwa tangu jana. Siku inayofuata huchujwa katika kung'uto, machicha huenda kwa kuku au nguruwe, na kinachosalia ni kinywaji kizito, cheupe chenye wekundu kidogo, chenye uchachu na utamu pamoja, nusu chakula na nusu kileo, kwani nguvu yake aghalabu haizidi asilimia nne. Kusini zaidi, upande wa Lubumbashi na mpaka wa Zambia, wapo wasiotumia kimea: hutia uji wao mizizi ya munkoyo iliyopondwa, nayo huulegeza vivyo hivyo, kwa kuwa ndani ya mizizi hiyo ya jamii ya kunde imo diastasi vilevile. Nani aliyechimba mzizi ule mara ya kwanza akautia katika uji ningependa sana kumjua. Huyo angestahili sanamu kuliko maliwali wengi waliopewa.

Na mnunuzi hufika mapema kuliko pombe.

«Hodi, mama. Pombe iko?»

«Iko, baba, lakini ingali tamu. Rudia jioni.»

«Nipe hiyo hiyo tamu, mama.»

«Ukinywa hiyo utaniharibia jina.»

Lugha inayozungumzwa katika ua huo, yaani Kiswahili cha Kongo, ilikuja huko pamoja na watu ambao kwao khamri ni haramu, na jambo hili limenichekesha mara nyingi. Waungwana wa pwani na mabwana zao, waliopita Ujiji na kuvuka ziwa kufuata pembe, na katika zama za Tippu Tip wakaweka makao Kasongo na Nyangwe, na kabla ya hapo Juma Merikani akakaa Kilemba katika nchi ya Waluba, ambako Mwingereza Verney Lovett Cameron alimkuta mwaka 1874, walikuwa Waislamu kwa dini au kwa madai. Lakini mizigo yao ilibebwa na Wanyamwezi, ambao pombe yao ya mtama Richard Burton aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1860 kama kitu cha kila siku, na mpagazi aliyebeba pembe toka Manyema hata Tabora hakuwa mtu wa kuulizwa anakunywa nini jioni. Basi jina la pombe likasafiri safari ambayo pombe yenyewe haiwezi. Kila kituo cha misafara kilikuwa na wapishi wake, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuichukua pombe ya kituo cha jana.

Halafu ikaja reli, nayo ndiyo iliyoifanya Kabalo kuwa Kabalo. Mwaka 1902 shirika la reli za Maziwa Makuu, lililoanzishwa kwa mali ya Baron Empain wa Ubelgiji, lilipewa idhini ya kujenga njia za kuviunga vipande vya mto Lualaba visivyopitika kwa meli kwa sababu ya maporomoko. Ikajengwa ya Kindu hadi Kongolo. Kisha kutoka Kabalo njia ikageukia mashariki, kilomita 273, ikafika ziwani mwaka 1915 penye mji ulioitwa Albertville, ambao ndio Kalemie ya leo, katika mwaka ule ule ambao Waingereza na Wabelgiji walikuwa wakijitayarisha hapo kuzizamisha meli za Wajerumani. Kwa hiyo Kabalo ikawa mahali pa kushukia: mzigo wa mtoni hupanda reli, mzigo wa reli hushuka mtoni, na watu hungoja. Mahali pa kungoja ni mahali pa kiu.

Ikawa pia mahali pa mshahara, na hapo ndipo chungu kilipopata maana mpya. Amri ya tarehe 2 Mei 1910 ilimtaka kila mwanamume mzima alipe kodi kwa fedha, si kwa mpira wala kwa samaki. Wanaume wakaingia kazi za reli, za bandari, na baadaye za madini ya bati kule Manono. Wanawake hawakupewa mshahara, walakini walikuwa na mahindi na vyungu. Pombe iliyokuwa ikipikwa kwa ajili ya kualika watu shambani, au mazishi, au tambiko la wahenga, ikaanza kupikwa kwa ajili ya siku ya malipo, na kwa kuwa haikai, hesabu yake sharti iwe barabara: mtu akitaka iwe kali jioni ya mwisho wa mwezi, na kimea chataka siku tano au sita za kuloweka na kuotesha, na siku moja au mbili za kuanika, na upishi na mchacho siku mbili tatu, basi mahindi yatiwe majini karibu tarehe ishirini. Akichelewa siku mbili, fedha imekwisha kwenda kwa mwenzake. Akiwahi siku mbili, anauza siki. Sijui kama karani yeyote wa reli alikuwa na kalenda iliyo kali kuliko hiyo.

Serikali nayo ilikuwa na sheria za vileo, tena nyingi, lakini macho yake yaliangalia mahali pengine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia vileo vikali vilivyotoneshwa katika eneo lote la Afrika lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukakaza zaidi, ukapiga marufuku hata kuvitengeneza. Hiyo ni sheria ya vitu vinavyokaa: chupa, pipa, shehena, kitu ambacho mkaguzi aweza kukiona mwezi ujao mahali pale pale. Kwa chungu cha siku tatu hapakuwa na cha kukagua, isipokuwa mwenye chungu. Ndipo mkono wa dola ukamshika mwanamke badala ya pombe yake. Katika kambi za makampuni na mitaa ya Waafrika polisi walivimwaga vyungu. Na katika miji ya Kongo na Ruanda-Urundi wanawake waliokaa pasipo waume walitozwa kodi yao peke yao, kana kwamba kila mmoja wao lazima awe na biashara ya kuficha. Huko Usumbura, katika mtaa wa Waswahili wa Buyenzi, wanawake Waislamu waliipinga kodi hiyo waziwazi katika miaka ya 1950, na haki ilikuwa yao, kwani ilimhesabu mjane mcha Mungu pamoja na wengine wote.

Wamisionari walikuwa na vita vyao. William Burton, asiyekuwa na udugu na yule Burton wa kwanza, alifika Mwanza ya nchi ya Waluba mwaka 1915, akakaa miaka mingi, akaandika kitabu cha maana juu ya dini na mila zao. Makanisa ya Kipentekoste yaliyotokana na kazi yake yaliikataza pombe kwa waumini wake. Mapadre Wakatoliki, kwa upande wao, walikunywa divai altareni, jambo lililowapa wapishi hoja waliyoitumia sana.

Bia ya chupa iliingia kwa mlango wa kusini. Léopoldville ilipata kampuni yake ya bia mwaka 1923 na kutoa Primus ya kwanza mwaka 1926. Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, iliyo karibu zaidi na Kabalo, ikapata kiwanda chake katika miaka hiyo hiyo ya 1920, na bia ya Simba ikawa bia ya Katanga. Uwezo wa kukaa ulitokana na maarifa ya Louis Pasteur, aliyetoa kitabu chake juu ya bia mwaka 1876: kinywaji kikipashwa moto wa kadiri ndani ya chupa iliyozibwa, vijidudu vya kuchachusha hufa, nacho hungoja miezi. Ndiyo maana chupa iliweza kupanda treni hadi Bukama, ambako reli ilifika mwaka 1918, ikashuka mtoni kwa meli hadi Kabalo. Na baada ya mwaka 1956, ilipofunguliwa reli ya kutoka Kamina, ikaja moja kwa moja. Lakini chupa ina deni ambalo chungu hakina. Sharti irudi. Kreti tupu huhitaji behewa la kurudia kusini kama vile kreti zilizojaa zilivyohitaji la kuja, na treni ikikatika upande wowote, bia hukoma pande zote mbili. Mpishi wa nyumbani huosha chungu chake mtoni akaanza upya.

Baina ya hizi mbili ndipo ilipokua lutuku, pombe kali ya kutonesha, na hapa hukumu yangu haiwezi kuwa ya upole. Muhogo uliovundikwa huchanganywa na kimea cha mahindi, huachwa uchache muda wa juma moja, hutiwa katika pipa la mafuta lililolazwa juu ya mafiga, mdomo wake ukazibwa kwa udongo, na kutoka hapo bomba hupita katika hori la maji na kutona polepole ndani ya chupa. Chozi la kwanza hushika moto wa kiberiti kwa miali ya buluu. Ilipata nguvu, nadhani, kwa sababu ya muhogo: kilimo cha pamba cha lazima, kilichoanza kwa amri ya mwaka 1917, kilipokula siku za mkulima, muhogo, usiotaka ulinzi mwingi na ungojao ardhini hata mwaka mzima, ulichukua mahali pa nafaka, na lutuku ndiyo pombe iupendayo muhogo. Tena lutuku inakaa. Huwekwa katika bidoni, hubebwa kwa baiskeli na mtumbwi hadi kambi za wavuvi na machimbo, na yule anayeinywa hayuko mbele ya aliyeipika. Chungu cha siku tatu kina mlinzi wake, ambaye ni mwenye ua. Ataona ni nani amezidisha, atamwita ndugu yake amchukue, atakataa kumkopesha. Bidoni halina macho. Mikataba ya Brussels na Saint-Germain, kwa unafiki wake wote, haikukosea kuhofu vileo vinavyosafiri.

Vita vya mwaka 1998 hadi 2003 viliikata reli, na katika nchi iliyogawanyika pande mbili bia ya Lubumbashi haikuwa na njia ya kupita. Pombe ya mahindi haikuhitaji njia. Reli ilipofunguka treni zikarudi, lakini kwa mwendo wa taabu, na safari ambayo ratiba iliipa siku chache hugeuka kuwa ya majuma. Habari ikija kwamba treni imeondoka Kamina, mpishi wa Kabalo ana shauri la kukata: akiloweka mahindi leo, na treni ikafika kwa wakati, ua wake utajaa wasafiri, ikiharibikia njiani, kama ilivyo kawaida yake, pombe itapita umri wake hakuna aliyekuja. Pombe iliyochacha hivyo haimwagwi. Hupelekwa kwa jirani mwenye pipa, na wasafiri, watakapofika hatimaye, wataikuta imekwisha kuwa lutuku.